Brausa Tatu na Macho ya Mama

Mama alikuwa mwalimu wa darasa la nne katika shule ya msingi karibu na kwetu Kisian, na aliacha kazi kabla ya umri wa kustaafu kwa sababu ya macho. Ugonjwa ulianzia pembeni. Mtoto aliyekaa upande wa dirisha akiinua mkono, Mama hamwoni mpaka ageuze kichwa chote. Kisha akaanza kujigonga kwenye madawati. Nyumbani alituficha, akasema ni miwani iliyochakaa.

Wanafunzi wake walijua kabla yetu. Hilo alinieleza baadaye sana. Asubuhi moja aliingia darasani akakuta njia ya katikati ya madawati imekuwa pana, na watoto wote wamepakata mifuko yao ya vitabu. Hakuna mtu mzima aliyewaambia. Akauliza kwa nini mifuko haiko chini kama kawaida. Msichana mmoja wa mbele akajibu, "Ni vumbi, Mwalimu." Darasa zima likatazama chini. Mama akageukia ubao, akafundisha kugawanya mpaka kengele ikalia, halafu akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu kumwambia kwamba macho yamemshinda.

Wakati huo mimi nilikuwa kijana, nimemaliza kozi ya kompyuta, nafanya kazi katika saiba moja, duka la intaneti, mjini Kisumu. Saiba yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, na ukichungulia kwenye dirisha la nyuma uliona mabati ya soko na kipande cha ziwa chenye rangi ya chai ya maziwa. Mwenye saiba alikuwa mama mmoja mzaliwa wa upande wa Mlima Kenya. Alikuja Kisumu kuuza mitumba, akakaa, akajifunza Kijaluo cha sokoni, akaona watoto wa wateja wake wanasafiri mbali kutafuta intaneti, ndipo akanunua kompyuta. Vijana walimwita Mathe, yaani mama. Mimi nilimwita Madam. Yeye mwenyewe hakuwa akizitumia hizo kompyuta hata kidogo. Alikaa mlangoni na kitambaa chake cha kufuma, na sindano zake hazikusimama hata akiwa anagombana na mtu.

Siku zile laini ya intaneti ilikuwa kitu cha kuombewa. Tulikuwa na laini moja, mashine zote zikiigawana, na mchana watu walipojaa ungeweza kubonyeza ukurasa, uende ukanunue mahindi ya kuchoma, urudi uukute bado unajifungua. Watu walilipa kwa dakika, kwa hiyo kila ukurasa uliochelewa ulileta kelele mlangoni kwa Madam.

Vitabu vya sasa vinasema kivinjari. Sisi tulisema brausa, na wateja wengi hawakusema chochote, walisema tu, "Nifungulie intaneti." Brausa iliyokuwa kwenye kila mashine ilikuwa ya buluu. Ilikuja na kompyuta, kama magurudumu yanavyokuja na gari. Kisha wanafunzi wa vyuo wakaanza kutuwekea ya pili, yenye rangi ya chungwa, wakiiingiza kimyakimya tukiwa hatuwaangalii. Ya tatu ilikuwa nyekundu na ndogo sana. Aliileta fundi wa laini kwenye diski, akanisifia kwamba imetengenezwa na watu wanaojua shida ya laini mbovu. Juu yake palikuwa na ukanda wa matangazo usioondoka mpaka uilipie. Sisi hatukuilipia.

Siku moja Madam akaniita.

"Kila mashine ina vitu vyake, kama sanduku la mwanafunzi," akasema. "Leo mtu analia hii ni pole, kesho mwingine analia ile imeganda. Nataka moja tu kwa mashine zote. Zipime uniambie ipi inakimbia na ipi haisumbui."

"Nizipime vipi, Madam?"

"Wewe ndiye fundi. Mimi napima sweta tu."

Akanipa ufunguo, niwe nakuja Jumamosi mapema kabla ya wateja, laini ikiwa bado haijagawanywa na mtu.

Nilichagua mashine moja, ile ya ukutani, ili nisije nikailaumu brausa kwa udhaifu wa kompyuta. Nikachagua ukurasa mmoja wa gazeti wenye picha nyingi. Kabla ya kila jaribio nilifuta vitu vyote ambavyo brausa ilikuwa imehifadhi, maana nilikwisha kugundua ujanja wake: inaweza kukuletea ukurasa wa jana ukadhani ina mbio. Kisha nikabonyeza huku nikitazama saa yangu ya mkononi, nikajiona mtu mkubwa.

Ya buluu ilifunguka upesi kuliko zote, kwa sababu nusu yake ilikuwa imeshaamka pamoja na kompyuta. Lakini laini ikilegea ilikuachia weupe mtupu, unangoja, unangoja, halafu kila kitu kinakuja kwa pamoja. Ya chungwa ilikuwa nzito kuamka. Ikishaamka ilikuletea maneno kwanza, ukawa unasoma huku picha zikija polepole. Iliweza kushika kurasa nyingi ndani ya dirisha moja, na ilizuia yale matangazo yaliyokuwa yakituruka usoni. Ila ilikuwa na ulafi. Ukiiacha wazi mchana kutwa ilimeza nguvu ya mashine mpaka mausi yenyewe ikaanza kukwama. Nyekundu ndiyo iliyonishangaza. Kwa kitufe kimoja ilizima picha zote, ukapata maneno matupu hata laini ikiwa kama uzi. Ukirudi kwenye ukurasa ulikotoka, ulikuwepo palepale bila kuombwa upya. Na stima ikipotea, kama ilivyokuwa desturi yake Kisumu, ukiwasha tena ilikuuliza kama unataka kuendelea pale ulipoachia. Ubaya wake ni kwamba kulikuwa na kurasa, hasa zile za kujaza maombi, zilizoikataa kabisa. Zilikuandikia kwamba zinaitambua ile ya buluu peke yake, kwaheri.

Kwa hiyo sikuwa na mshindi. Kila nilipomwelezea Madam aliuliza, "Sasa ni ipi?" nami nikamwomba Jumamosi nyingine.

Wakati huohuo nilikuwa nimempeleka Mama kwa daktari wa macho. Daktari akamtia dawa, akamulika taa, akampuliza upepo kwenye jicho kwa mashine, akamfanya atazame nukta za mwanga. Mwishoni akakivuta kiti akageuka upande wangu, akanieleza mimi kwa Kiingereza. Ni presha ya macho, akasema. Apewe matone kila siku, asikose. Mama alikuwa amekaa pale kati yetu, mikono juu ya mkoba, yeye aliyefundisha Kiingereza maisha yake yote. Hakumkatiza. Alimngoja amalize, akamshukuru.

Tulipotoka nje akasimama kivulini.

"Macho ni ya nani?" akaniuliza. Sisi tulizungumza Kijaluo nyumbani, nayaandika hapa kwa Kiswahili.

"Ni yako, Mama."

"Mbona amekuambia wewe?"

Nikampa karatasi ya dawa aishike mwenyewe.

"Na kuna mambo hakusema," akaendelea. "Nimekuwa mwalimu, najua mtu anayeruka ukurasa. Hizo kompyuta zenu haziwezi kuniambia?"

Nikamwambia zinaweza, lakini nitamsomea mimi.

"La, wuoda," akasema. Hilo ni neno letu la kumwita mwana wa kiume, na alilitumia kwa upole alipokuwa hataki mjadala. "Nikisomewa nitasikia sauti yako inavyobadilika, kisha nitaanza kukuhurumia wewe. Nataka nisome mwenyewe."

Ndivyo Mama alivyokuja saiba Jumamosi ile. Alivaa gauni lake la kanisani na viatu vya kufunga. Alipanda ngazi akiwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja na kuukataa mkono wangu kwa mwingine. Nikamketisha kwenye mashine ya ukutani. Nilikuwa nimeshatafuta ukurasa mzuri, mrefu, ulioandikwa na madaktari kwa ajili ya wagonjwa, wenye picha zinazoonyesha mtu mwenye ugonjwa ule anaona nini. Nikaufungua kwa ile ya buluu, kwa mazoea.

Mama akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Ni sisimizi," akasema.

Nikaenda kwenye menyu, nikaongeza ukubwa wa herufi mpaka mwisho. Vichwa vya habari vikakua. Habari yenyewe haikusogea hata kidogo. Aliyetengeneza ukurasa alikuwa ameufunga ukubwa wa herufi, na brausa ya buluu ikamtii yeye badala ya msomaji.

"Huyu hanisikii," Mama akasema. "Anamsikia mwingine."

Nikaufungua kwa ile ya chungwa. Hapo herufi zilikubali kukua, na Mama akafurahi, akasogea nyuma kidogo. Lakini tulivyozidi kuzikuza maneno yalianza kufurika kutoka kwenye safu zao, mstari ukapanda juu ya mstari, na zile picha zikabaki zilezile ndogo kama stempu. Mama alijaribu kusoma sentensi moja, akapotea katikati.

"Huyu anasikia, ila hana mpango," akasema. "Nimewafundisha wengi wa namna hii. Watoto wazuri. Mwingine?"

Sikuwa nimeitegemea sana nyekundu. Mpaka wakati ule nilikuwa nimeipima kwa mbio tu. Nikabonyeza kitufe cha kujumlisha. Ukurasa mzima ukakua: maneno, picha, safu, vyote kwa pamoja, kama mtu aliyesogeza kitabu karibu na uso wake. Nikabonyeza tena. Upana ukazidi kioo, nikakumbuka kwamba ina chaguo la kuyalazimisha maneno yatoshee ndani ya dirisha. Nikaliwasha, mistari ikajikunja yenyewe ikaingia yote.

"Endelea," Mama akasema. Nikaongeza. "Endelea." Nikaongeza. "Rudi kidogo. Ukikuza sana neno linatoka nje ya macho yangu. Naona kichwa chake sioni mkia."

Nikapunguza. Hilo sikulijua, kwamba mtu anaweza kuhitaji herufi kubwa lakini zisizidi kipimo fulani. Macho yake yalikuwa kama bomba. Neno lilitakiwa litoshe ndani ya bomba. Tukapanda na kushuka mpaka akasema hapo.

"Ila mwanga unanichoma," akasema.

Nyekundu ilikuwa na mahali pa kubadilisha rangi za ukurasa wowote, hata kama aliyeutengeneza alikuwa amechagua nyingine. Nilikuwa nimepapita siku nyingi nikidhani ni mapambo. Nikachagua herufi za manjano juu ya weusi. Kioo kikatulia. Uso wa Mama, uliokuwa umekunjamana tangu aketi, ukalegea kidogo kidogo, kwanza paji, kisha mashavu. Akaondoa miwani, akaifuta, akairudisha. Akaanza kusoma kwa sauti.

Alisoma kama alivyosoma darasani, akitua kwenye nukta, kila neno likipewa haki yake. Alisoma kwamba presha ndani ya jicho huubana mshipa unaopeleka habari kwenye ubongo. Alisoma kwamba ugonjwa huu hauna maumivu na ndiyo maana watu wengi huchelewa. Nilimfundisha kushusha ukurasa kwa kitufe cha mshale, akawa anashusha mwenyewe. Akafika kwenye picha. Ilikuwa ya watoto wawili wakicheza mpira, kisha picha ileile tena, pembe zake zimemezwa na giza na watoto wamebaki katikati kama wanaochunguliwa kwenye tundu.

"Ndivyo," akasema. "Ndivyo hasa. Ungewezaje kujua, na mimi mwenyewe sikuwa na maneno ya kukueleza?"

Akaendelea. Nilijua kilichokuwa chini ya picha, maana nilikuwa nimekipitia juu juu nilipokuwa nikitafuta ukurasa. Nikatamani stima ipotee. Haikupotea. Mama akasoma, kwa sauti ileile, kwamba kuona kulikokwisha kupotea hakurudi, na hakuna dawa wala upasuaji unaoweza kukurudisha.

Chini yetu mwenye duka la vitambaa alikuwa anafungua milango yake ya chuma. Mama akapandisha ukurasa mstari mmoja, akasoma tena bila sauti, midomo tu ikisogea. Nikaweka mkono wangu mgongoni kwake.

"Kwa hiyo matone hayaponyi," akasema mwishowe.

"Hayaponyi, Mama."

"Yanalinda kilichobaki."

"Ndiyo."

"Sasa hilo ndilo daktari alilopaswa kuniambia. Mimi nilikuwa nangoja kupona. Nimekuwa nikiyapima matone kila asubuhi, nikiona hakuna nafuu nasema labda ni dawa mbovu. Wiki iliyopita nilikaribia kuyaacha." Akavuta pumzi ndefu. "Mtu hulinda vizuri akijua analinda nini."

Alilia kidogo baada ya hapo, akijipangusa kwa ukingo wa leso yake, wala hakuona haya mbele yangu. Nami nililia. Kisha akaniambia nisogee, namzibia mwanga, akaendelea kusoma mpaka mwisho.

Ni hapo Madam alipoingia na mfuko wake wa nyuzi. Alisimama akatazama kioo cheusi chenye maneno ya manjano.

"Mashine imeharibika?" akauliza.

"Haijaharibika, Madam. Huyu ni mama yangu mzazi."

Wakasalimiana kwa mikono miwili. Madam alijaribu Kijaluo chake cha sokoni, Mama akamjibu kwa Kiswahili ili kumpumzisha, wote wakacheka.

"Mwalimu, mimi nina wiki kadhaa namngoja huyu kijana aniambie ipi ni nzuri," Madam akasema. "Wewe umeona ipi?"

Mama akalifikiria lile swali kwa uzito, kama vile ameulizwa na mkaguzi wa shule.

"Ile ya buluu imeingia darasani bila mtihani, kwa hiyo haijui kusikiliza," akasema. "Ya chungwa ina bidii, mpe muda. Nyekundu ndiyo iliyoniuliza mimi naonaje. Lakini sijui wateja wako wanataka nini. Mimi nilitaka kusoma jambo moja tu, nami nimelisoma."

"Jambo gani?"

Mama akamwelezea. Madam aliketi kwenye kiti cha jirani, akiwa bado ameshika mfuko wa nyuzi, akasikiliza bila kufuma. Mama alipofika mahali panaposema kwamba ugonjwa huu hufuata damu, na kwamba ndugu na watoto wa mgonjwa wapimwe hata kama hawana dalili, Madam akamshika mkono.

"Soma tena hapo."

Mama akasoma tena.

"Mamangu alianza kujigonga mlangoni," Madam akasema. "Tukasema ni uzee. Akawa anamwaga chai nje ya kikombe, tukamcheka, naye akacheka. Mwisho akawa haoni kabisa. Mpaka anazikwa hakuna aliyetuambia kuna kitu kama hiki." Akatazama mikono yake. "Na mimi siku hizi uzi mweusi unanipotea. Nimekuwa nikilaumu taa."

Mama akanigeukia. "Utatupeleka lini?" akasema, kana kwamba ni safari tuliyoipanga zamani.

Nikawapeleka wote wawili, na mimi mwenyewe nikapimwa. Mimi nilikuwa salama. Madam presha yake ilikuwa imepanda, lakini mshipa ulikuwa bado haujaharibika sana. Daktari, safari hii mwanamke mtaratibu aliyekuwa akimtazama mgonjwa usoni, akamwambia amekuja wakati mzuri. Uzi mweusi, akasema, ulikuwa umri tu, akaandikiwa miwani ya kusomea. Akaambiwa pia aanze matone. Alitoka chumbani akamkumbatia Mama mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni, akasahau kwamba wamejuana wiki moja tu.

Ule upimaji wangu wa brausa uliisha hivi. Jumatatu iliyofuata nilimwambia Madam ukweli: moja kwa wote haipo. Mashine za mbele, ambako watu walijaza maombi ya kazi na vyuo, zikabaki na ya buluu kwa sababu kurasa zile hazikukubali nyingine. Za katikati, ambako wanafunzi walikaa na kurasa zao nyingi, zikapata ya chungwa, nami nikawa naizima mchana na kuiwasha upya kabla haijashiba kupita kiasi. Ya ukutani ikapata nyekundu. Madam akanuna kidogo kwamba hakupata alichoagiza, halafu akaihamisha ile mashine mbali zaidi na dirisha, ili mwanga usiipige.

Mama akawa anakuja kila Jumamosi. Alisoma magazeti, alisoma habari za nchi ambazo alikuwa amezifundisha kwenye ramani bila kuzijua, alisoma mabishano marefu kuhusu namna ya kufundisha watoto hesabu, akawa anatikisa kichwa. Habari zilienea kwa njia zake. Akaja fundi viatu kutoka Obunga ambaye alikuwa hajasoma gazeti tangu macho yaingie ukungu. Akaja mchungaji mmoja mzee wa kutoka Bondo, aliyekuwa amefika mjini kwa shughuli nyingine, akataka kuona kama Biblia ipo humo na kama inaweza kuwa kubwa. Ilikuwepo na ikawa kubwa. Mama ndiye aliyewaketisha na kuwafundisha vitufe. Alikuwa na subira nao ambayo sikuwahi kuiona akiwa nayo kwangu. Mtu akikosea alimwambia, "Rudi nyuma, haina hasira hiyo," na mtu akarudi nyuma.

Nadhani ile ndiyo ilikuwa miaka yake mizuri baada ya shule. Alikuwa ameogopa kwamba ubao ukimwondoka ataondokewa na kila kitu.

Saiba ilifungwa simu zilipokuja na intaneti mfukoni. Madam hakulia, alisema biashara ni kama sweta, mtoto akikua unafumua, unaanza nyingine kwa uzi uleule. Sasa ana duka la nyuzi na sare za shule. Brausa zenyewe nazo zilipatwa na mambo. Ya buluu, iliyotawala kila meza, wenyewe waliizika. Ya chungwa ingalipo, inapumua. Nyekundu iliondoa ule ukanda wa matangazo, nikafurahi, halafu baadaye ikatupa injini yake, ule mtambo wa ndani unaochora kurasa, na kuchukua ile wanayotumia wengine wengi. Nilihuzunika siku hiyo kwa namna ambayo sikuweza kumweleza mtu ofisini. Yale mambo yaliyokuwa yake peke yake, kukuza ukurasa wote, herufi za manjano juu ya weusi, kurudi ulipokuwa baada ya stima kukatika, sasa yanapatikana kila mahali. Vijana ninaofanya nao kazi wanadhani yalikuwepo siku zote.

Mimi natengeneza tovuti za watu, hapa Kisumu na miji ya karibu. Kabla sijamkabidhi mteja kazi naikuza mpaka ivimbe, nione kitakachovunjika. Mteja mmoja aliniuliza ni nani atakayetumia ukurasa akiwa ameukuza hivyo. Nikamwambia, mama yangu.

Mama bado yuko Kisian. Kuona kwake kumezidi kuwa kwembamba, lakini hakujaisha, na daktari husema ni kwa sababu ya ule ukaidi wake wa kutokosa matone hata siku moja. Simu sasa humsomea habari kwa sauti, na hugombana nayo inapoyavunja majina ya kwetu. "Sema vizuri," huiambia, kisha hulitamka jina yeye mwenyewe mara mbili.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwake tukila, simu ikaita. Ilikuwa Madam. Wale wawili hupigiana kila siku jioni, wala hawaanzi kwa salamu.

"Umeweka?" nikamsikia Madam akiuliza.

"Wewe umeweka?" Mama akasema.

"Mimi nimekuuliza kwanza."

"Nina mgeni. Naweka sasa hivi."

"Weka nikisikia."

"Utasikiaje tone likiingia jichoni, wewe mwanamke?"

"Weka tu."

Mama akaiegemeza simu kwenye bakuli la mboga. Nikanawa mikono, nikachukua chupa ya matone, nikasimama nyuma ya kiti chake. Akalaza kichwa tumboni kwangu, akafumbua macho yote mawili akanitazama kwa chini, na nilipomshika kope aliniambia nilenge katikati.